Komeo la Nje

"Mama Ciku, kwani ni mtoto analia, ama ni nyumba inamliza?"

Rukia, jirani wa ukuta kwa ukuta pale mtaa wa West Indies mjini Eldoret, aliuliza swali hilo siku moja mvua ilipokuwa imetoka tu kupita, akianika upya shuka zilizonyeshewa. Waithira alidhani jirani amechoka na mayowe, na sasa anatafuta njia ya adabu ya kusema. Alirudi ndani akamkuta Ciku palepale chini ya meza, mikono imeziba masikio, anajibamiza mgongo kwenye mguu wa meza kama mtu anayebisha hodi asifunguliwe. Akamfinya paja ili anyamaze. Mtoto hakunyamaza, na alama ya zile kucha ilikaa zaidi kwenye moyo wa Waithira kuliko ilivyokaa kwenye ngozi ya mtoto.

Sasa, Jumamosi hii ya ugeni, swali la Rukia lilikuwa limemrudia. Lilimkuta amepiga magoti kwenye korido, kisu cha jikoni mkononi, anakaza skrubu ya mwisho ya komeo. Bisibisi hakuwa nayo. Komeo lenyewe lilikuwa dogo, la bati jeupe, la aina ile watu huweka kwenye vyoo vya nje. Lakini alikuwa amelifunga upande wa nje wa mlango wa chumba cha Ciku, mlango ambao aliyeuchora alikataa kabisa usiwekwe kitasa wala kufuli.

"Ni leo tu," alijiambia. "Wakienda nalitoa."

Akakiweka kisu juu ya kingo ya dirisha la korido, akajipangusa magoti, akaenda kuangalia nyama jikoni. Mkono wake ulinuka chuma, na hata alipouosha kwa sabuni bado aliisikia ile harufu.

Aliyeuchora mlango huo ndiye aliyekuwa anakuja na mama yake mchana ule kumposa Waithira.

Jina lake Wachira. Alikuwa msanifu wa majengo, na wakati huo alikuwa akijenga shule ya watoto wenye usonji kwenye barabara ya Plateau. Saruji na rangi alinunua kwa Khalid, mume wa Rukia, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini. Basi ni Rukia aliyemleta. Alimwambia Waithira kwamba yeye hawezi kujua mtoto ana nini, lakini kuna mtu anajenga nyumba za watoto kama Ciku, na kuona si kununua.

Waithira alitarajia mwanamume wa futi ya kupimia na maneno mengi. Wachira alikuja mikono mitupu. Alivua viatu mlangoni, akauliza Ciku hupenda kukaa wapi, akaonyeshwa chini ya meza. Akaenda akakaa sakafuni karibu na hapo, si karibu sana, akafumba macho. Chai ikapoa. Waithira akamuuliza kama anajisikia vibaya.

"Sikuja kupima nyumba, Mama Ciku. Nimekuja kuisikia. Kaa na wewe."

Alikaa. Mjane wa watu, kitambaa kichwani, amekaa chini na mwanamume asiyemjua, amefumba macho mchana peupe. Mwanzo hakusikia kitu. Kisha akaisikia ile taa ndefu ya darini ikinguruma kama nyuki aliyenaswa kwenye chupa. Akasikia friji. Akasikia mfereji unaodondoka, na posho mill ya nyuma ikisaga mahindi, na honi za boda boda, na mabati yakilia ta, ta, jua likiyanyoosha. Vyote vilikuwepo siku zote. Yeye alikuwa amepewa na Mungu masikio yanayojua kujifunga. Mtoto wake hakupewa. Akakumbuka vile vidole vyake kwenye paja la Ciku, na machozi yakapita kope zikiwa bado zimefumbwa. Alipofumbua macho alimkuta Wachira anamtazama. Hakugeuza uso haraka kama ilivyompasa. Wala yeye hakugeuza wake.

Ulikuwa mtazamo mfupi, lakini Waithira alilala nao.

Chumba cha nyuma kikachorwa upya. Chini ya mabati Wachira aliweka dari nene ya tabaka juu ya tabaka, ili mvua imfikie mtoto ikiwa mnong'ono. Taa ndefu ikatolewa, zikawekwa balbu za mwanga wa manjano, zisizolia. Kuta zikapakwa rangi isiyong'aa, rangi ya udongo uliolowa. Pembe za ukuta akaziviringa, kwa sababu Ciku alipenda kutembea akipapasa ukuta, na hakutaka mkono wake ufike mahali ukuta unapokatika ghafla. Dirisha kubwa likageuzwa lielekee bustani ya sukumawiki badala ya barabara. Kando ya mlango, kwa kimo cha mtoto, akaacha kidirisha cha kioo, Ciku aone korido kabla hajatoka, ajue ni nani yuko huko na ni vurugu gani inamngoja. Na choo akakiweka mwisho wa korido hiyohiyo, moja kwa moja, bila kona.

Fundi alipouliza mlango utawekwa kitasa gani, Wachira alisema hakuna.

"Chumba cha kupumzika kikiwa na kufuli ni jela, hata ukipake rangi gani," alimwambia Waithira. "Huu mlango ni wake. Akichoka na sisi, aingie. Akitukumbuka, atoke."

Kisha alifanya jambo ambalo Waithira hangesahau. Alimchukua Ciku, akausukuma mlango akatoka, akausukuma akaingia, akatoka, akaingia, mwanamume mzima na shati la ofisi, mpaka mtoto akacheka. Ciku, ambaye kupata neno kwake kulikuwa kama kupata mvua ya Januari, aliweka kiganja kwenye mbao akasema, "Wangu."

Tangu siku hiyo kila alipopita hapo alilisema kwa sauti ya chini. Wangu. Na haukupita muda mrefu akaanza kujipeleka choo mwenyewe. Kila akirudi alimshika mama yake mkono akamvuta mpaka mlangoni kumwonyesha, akitembea kama mtu aliyerudi kutoka ng'ambo na zawadi.

Wachira naye aliendelea kuja. Alikuja kukagua rangi iliyokuwa imekauka kitambo. Alikuja kuona kama dari imetulia. Rukia aliwaona, akachungulia juu ya ukuta akauliza, "Hiyo rangi ya kwako ni ya wapi, Mama Ciku? Ya kwetu ilikauka siku ileile."

Waithira alicheka mpaka akajifunika uso kwa leso. Tangu mumewe Mbuthia amfie alikuwa amesahau kwamba kicheko kinaweza kumpata mtu akiwa hajajitayarisha. Jioni moja Wachira aliushika mkono wake, akavikunja vidole vyake kimoja kimoja mpaka vikafunga ngumi, akaifunika ngumi hiyo kwa viganja vyake viwili. "Nimechoka kuwa mgeni kwenye nyumba niliyoichora," alisema. Hivyo tu.

Waithira alikubali. Lakini furaha yake ilikuwa na mfupa ndani, na mfupa huo ulikuwa mama yake Wachira.

Waliabudu katika kanisa moja. Mama Wachira alikuwa kiongozi wa akina mama, mrefu, mkavu, kitambaa cheupe kimefungwa kama kimepigwa pasi juu ya kichwa. Jumapili moja, spika zilipofunguliwa kwaya ianze, Ciku alipiga ukelele uliosimamisha wimbo. Mama Wachira aligeuka kutoka benchi la mbele, akatazama upande wao, kwa muda mrefu, uso umekunjamana. Waithira alimbeba mtoto akatoka nje, na mtazamo ule ukatoka naye. Aliubeba kama mtu anavyobeba kaa la moto kwenye kigae.

Kwa desturi wageni wangeenda nyumbani kwa kaka yake mkubwa, Gichuru, aliyesimama mahali pa baba yao tangu afariki. Lakini njia ya kwenda kwa Gichuru ilikuwa matope matupu, ikaamuliwa ugeni ufanyike kwa Waithira. Mke wa Gichuru, Janice, akaja siku mbili kabla kupanga mambo. Janice hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeamini kwamba maisha ni soko, na anayeenda sokoni bila akili atarudi na kikapu kitupu. Walikuwa wakimenya viazi alipoanza.

"Na huyu mtoto atakaa wapi?"

"Nyumbani kwake."

"Waithira. Sikiza mtu mzima. Anayeuza ng'ombe haanzi kwa kuinua kwato mbovu. Wale kwanza, waombe, waseme neno la heri. Yule mama akishatamka mbele ya watu, hawezi kulimeza."

"Wachira anamjua Ciku kuliko wewe unavyomjua."

"Mimi sisemi Wachira. Nasema aliyemzaa. Yule wa kwanza aliyekuja hapa kukuposa, alikimbia nini? Alikukimbia wewe?"

Waithira aliendelea kumenya. Angeweza kusema mengi. Angeweza kusema kwamba wa kwanza hakuwa Wachira. Lakini aliuona ule uso uliogeuka kanisani, akaokota kiazi kingine. Kesho yake alipitia dukani kwa Khalid. Khalid, akimfungia lile komeo kwenye gazeti, alimuuliza kwa wema tu ni la mlango gani, asije akampa skrubu fupi. Akamjibu. Jibu lilitoka mdomoni laini, bila kukwaruza, na hilo ndilo lililomtisha alipokuwa njiani kurudi.

Wageni walifika adhuhuri ikiwa imepinda: Wachira, mama yake, na mjomba mmoja mzee aitwaye Irungu aliyependa utani. Dakika chache kabla hawajabisha, Waithira alikuwa amemwingiza Ciku chumbani na sahani yake ya viazi na vifuniko vya chupa alivyopenda kuvipanga. Ciku aliingia mwenyewe. Alipita mlangoni akasema, "Wangu." Waithira akausukuma ukafunga, akalipitisha komeo polepole lisilie, kisha akatundika kitambaa cha meza mbele ya kile kidirisha. Alisimama hapo akitega sikio. Hakusikia kitu. Chumba kilikuwa kimechorwa vizuri mno.

Asubuhi alikuwa amempigia Wachira simu kwamba Ciku hakulala vizuri, amempeleka kwa Rukia atulie. Wachira aliamini. Alipoingia sebuleni alimwinamia akamnong'oneza, "Umefanya vizuri. Watu wakipungua nitaruka nimlete." Na akamtazama kwa macho yale yale ya siku ya kwanza, macho yasiyojua kwamba yanaweza kudanganywa. Waithira alitazama kola ya shati lake.

Chakula kilipoletwa, Janice akahimiza watu wanawe. Mama Wachira hakunyanyuka. Alikuwa ameshika furushi dogo mapajani, na Janice alipotaka kumtua alikataa. "Hili lina mwenyewe," alisema. Kisha akatazama vizuri kila aliyekuwa pale sebuleni.

"Kabla mzee hajaomba. Watu wa nyumba hii wameingia wote? Mimi siwezi kubariki nyumba nusu."

Gichuru alitazama viatu vyake. Janice alitazama sufuria.

"Wote tuko, Mama," Waithira akasema. "Ni Ciku tu. Yuko kwa jirani."

"Ni mgonjwa?"

"Hapana, Mama. Hakulala vizuri."

"Pole yake," Mama Wachira akasema, na kwa mara ya kwanza uso ule mkavu ulionekana kama wa mtu aliyekosa kitu alichokuwa amekingojea. Mzee Irungu akaomba. Aliomba kwa urefu wa mtu mwenye njaa ya heshima kuliko ya nyama. Akaombea mjane, akaombea mtoto aliye kwa jirani, Bwana amlinde huko aliko. Watu wakasema amina. Waithira naye akasema.

Walikula. Mzee Irungu akaanza mzaha wake: kwamba wamepotelewa na kijana wao, kila jioni gari lake linaonekana West Indies, wakadhani labda ameajiriwa huku kama mlinzi. Watu wakacheka. Gichuru akajibu kwamba mlinzi huyo hajawahi kuomba mshahara, anaomba chai tu. Mambo yalikuwa yanakwenda kama Janice alivyoyapanga, na Janice akamkonyeza Waithira akipitisha chapati. Waithira alikuwa akitega sikio kwenye korido. Mtoto alikuwa amekaa muda gani sasa? Amekunywa uji asubuhi. Amekunywa na maji. Lo, maji. Kikombe kizima.

Aliinuka. Janice akamvutia kiti, "Kaa, wageni wako hapa." Akakaa. Huko mbele, kila alipoikumbuka siku hii, si komeo lililomwuma zaidi, ni kule kukaa.

Kisha mvua ikaanza. Mvua ya Eldoret haibishi hodi. Ilishuka juu ya mabati yote kwa mpigo mmoja. Mzee Irungu alikuwa amefika penyewe, kwenye posa, anauliza Gichuru kama wakirudi watafunguliwa, na maneno yake yakamezwa yote. Akarudia kwa kupaza. Gichuru akaweka mkono sikioni. Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka, kwa sababu kelele ilizidi. Mama Wachira akafumba macho kwa uchungu.

Wachira alisimama akiwa anatabasamu. Aliinama kwenye sikio la mama yake, lakini alilazimika kupiga kelele, na kila mtu akasikia.

"Mama, twende nikuonyeshe mahali mvua inanong'ona."

Janice akasimama mbele yake akasema huko kumejaa vyombo, wamwache kwanza apange. Wachira alicheka, akamzunguka kama kijana anayemzunguka shangazi, mkono wa mama yake ukiwa kwenye mkono wake. Waithira akasema, "Wachira, ngoja." Alilisema. Lakini alilisema kwa sauti ndogo, sauti ambayo alijua mabati yataimeza, na akafuata nyuma yao kama mtu anayesindikiza maiti.

Korido ilikuwa na mwanga hafifu. Wachira alikuwa akimweleza mama yake juu ya zile pembe za mviringo, akiupitisha mkono ukutani kama Ciku anavyofanya. Alifika mlangoni, akausukuma kwa mazoea, mgongo wake ukiwa umegeukia mbao.

Mlango ukakataa.

Akasukuma tena. Akageuka. Kwanza aliona kitambaa kwenye kidirisha. Halafu akaona komeo. Mkono wake ulishuka ukaligusa kama mtu anavyogusa jeraha jipya kwenye mwili anaoujua. Aligeuza uso akamtazama Waithira, si kwa hasira. Alimtazama kama anayesubiri aambiwe kuna sababu, yoyote, na yuko tayari kuipokea.

Wachira alilivuta komeo, mlango ukafunguka.

Harufu ilitoka kwanza. Ciku alikuwa amekaa palepale chini karibu na kizingiti, kiganja kimoja bado kimeinuliwa mahali mlango ulipokuwa. Sketi yake ilikuwa imelowa. Alikuwa amechukua blanketi lake, lile analolipenda, akalitandaza juu ya sakafu iliyolowa, akalinyoosha pembe zote vizuri, kisha vifuniko vyake akavipanga mstari mmoja juu ya blanketi ili pafanane na mahali pa kuchezea. Hakuwa amelia. Ndani ya chumba kile mvua ilinong'ona, na kila mtu aliweza kusikia pumzi zake.

Ciku hakumtazama yeyote. Aliushika mlango akauvuta, akausukuma, akauvuta. Aliutazama sana kwa upande wa nje, mahali pale peupe palipong'aa.

"Si wangu," akasema.

Na mlango ulikuwa wazi mbele yake, choo kikionekana kule mwisho wa korido, lakini hakutoka.

Waithira alipiga magoti. "Ciku. Ciku wa mama." Alinyoosha mikono, na mtoto akasogea nyuma kidogo tu, kwa heshima, kama anavyompisha mgeni.

Ni Mama Wachira aliyeingia. Alivua viatu, akaketi sakafuni na gauni lake la ugeni, si karibu sana, kama vile mwanawe alivyowahi kuketi. Waithira alingoja maneno. Alikuwa ameyatayarishia moyo wake tangu ile Jumapili.

"Lete maji ya uvuguvugu," Mama Wachira akasema. "Na kitambaa laini. Si taulo."

Aliyaleta, maji yakimwagika koridoni. Mama Wachira alikuwa amefungua furushi. Ndani mlikuwa na gauni la mtoto, la pamba, rangi ya samawati iliyofifia kwa kufuliwa mara nyingi kabla ya kuvaliwa. Mishono yote ilikuwa nje. Kola, mabega, pindo, kila uzi ulikuwa umegeuzwa usiguse ngozi.

"Wachira aliniambia mishono inamchoma shingoni," alisema, akiuosha mguu wa Ciku polepole. "Nikashona ndani nje. Sikujua kimo, nilikisia."

Waithira alikuwa fundi wa cherehani. Alishonea watoto wa watu sare, mashule kwa mashule, na kila asubuhi alipigana na Ciku kumvisha. Haikuwa imewahi kumjia kugeuza mshono.

"Mama, mimi nilidhani..." Alisogeza maji karibu. "Ile siku kanisani. Vile ulituangalia."

Mama Wachira alikamua kitambaa. "Nilikuwa naangalia ile spika juu ya kichwa chenu. Hukuona Jumapili iliyofuata imehamishwa?"

Alikuwa ameona. Aliona, akadhani imeharibika.

"Mimi leo nilikuja kumwona yeye, Waithira," mama huyo akasema, bado hajainua macho kutoka kwa mtoto. "Wewe nilishakuona."

Hakulisema kwa ukali. Heri angelisema kwa ukali. Ciku aliinua mikono kuvishwa, na gauni lilipopita shingoni hakupiga kelele. Alipapasa bega, akapapasa tena, akakuta mshono upande wa nje, akaanza kuufuata kwa kidole.

Huko nyuma, chuma kilikuwa kinakwaruza mbao. Waithira aligeuka. Wachira alikuwa amekiona kile kisu juu ya kingo ya dirisha, akakichukua, na sasa alikuwa anafungua skrubu. Alifanya taratibu, kwa uangalifu, asiumize mbao zaidi. Mikono yake ilikuwa ileile, na Waithira aliipenda hata wakati huo. Janice alisimama mwisho wa korido, kitambaa cha vyombo kifuani.

Skrubu ya mwisho ikatoka. Wachira alipitisha kidole gumba juu ya matundu yaliyobaki. Akausukuma mlango mara moja kuona kama bado unakwenda. Ulikwenda.

"Ni la kwa Khalid," alisema. Halikuwa swali.

"Ndiyo."

"Khalid huuliza. Hawezi kuuza skrubu bila kuuliza." Alikuwa anatazama komeo, si yeye. "Ulimwambia ni la mlango gani?"

Hapo Waithira angeweza kudanganya. Uongo ulikuwepo, umekaa karibu, wa kuokotwa tu. Angesema la choo, la stoo, la geti. Lakini alikuwa amedanganya mbele ya maombi, akaweka na amina juu yake, na nyuma yake mtoto alikuwa amekaa karibu na mlango ulio wazi, hatoki. Hakutaka tena kubaki na kitu kilichofichwa katika nyumba ile.

"Nilimwambia ni la banda la kuku," akasema.

Mvua iliendelea kunong'ona juu ya dari aliyoichora yeye. Wachira alifumba macho, kama alivyoyafumba siku ile ya kwanza sakafuni, na Waithira akajua kwamba anaisikiliza nyumba tena, na kwamba safari hii inamwambia jambo lingine. Alipoyafumbua, aliushika mkono wake. Akaliweka komeo katikati ya kiganja, na skrubu juu yake. Akavikunja vidole vyake kimoja kimoja mpaka vikafunga ngumi, akaifunika kwa viganja vyake viwili, akaishika hivyo kwa pumzi ndefu, joto la mikono likiwa lilelile.

Kisha akaiachilia. Akapita kwa Janice, akapita sebuleni kwenye sahani zilizobaki na wazee waliosimama na maswali midomoni, akafungua mlango wa mbele, kelele yote ya mabati ikaingia ndani kwa mara moja, na akatoka mvuani.